Msitu shambani Marungu: Sheria inatoa nini, inadai nini

Mkulima wa Marungu, eneo bunge la Voi, anayetaka kugeuza sehemu ya shamba lake kuwa msitu hahitaji leseni ya kupanda miti. Kibali humsubiri mwishoni, wakati wa kuvuna, na asiyejitayarisha mapema huenda akazuiwa njiani mbao zikiwa tayari juu ya lori.

Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya Sheria ya Kilimo ya wakati huo zilimtaka kila mwenye shamba atenge angalau asilimia 10 ya ardhi yake kwa miti. Mwaka uliofuata, Katiba iliitwika Serikali wajibu wa kufikisha kiwango hicho nchini kote. Desemba 2022 ilizinduliwa kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032.

Kwa mwenye ekari tano, asilimia 10 ni nusu ekari. Akipanda mukau kwa nafasi ya mita nne kwa nne, atapata takriban miti 125. Mukau huvumilia ukame na mbao zake haziliwi upesi na mchwa. Hata hivyo, mbegu zake ni ngumu kuotesha, na ndiyo sababu Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, imeshughulikia mbegu bora za mti huo. Miche michanga huhitaji ua, kwa kuwa mbuzi huipenda na Marungu iko kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, wanakopita ndovu.

Msaada wa Serikali haumaanishi fedha taslimu. Sheria ya Misitu ya 2016 inaipa serikali ya kaunti jukumu la kuwashauri na kuwasaidia wenye misitu ya binafsi. Sheria hiyo pia inatambua nafuu za kodi kama njia ya kuhimiza upanzi, lakini mkulima asizihesabu kabla ya kuthibitisha kwamba zinamhusu.

Miti ikikomaa, mwenyewe huhitaji kibali cha kusafirisha kutoka kwa KFS, Shirika la Huduma za Misitu. Hapo ndipo ushahidi wa umiliki unapohitajika. Penye hatimiliki, kazi ni nyepesi. Penye ardhi ya familia isiyogawanywa, ugomvi wa warithi waweza kuikwamisha mbao. Katika ardhi ya jamii, uamuzi ni wa jamii iliyosajiliwa chini ya Sheria ya 2016, si wa mtu mmoja. Mradi mkubwa wa upanzi nao huhitaji kupitia NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kuanza.

Kuna jambo lingine lisilofaa kuchanganywa na hayo. Mradi wa kaboni wa Kasigau, unaojumuisha ranchi ya Rukinga na uliopata hati zake za kwanza mwaka wa 2011, hulipwa kwa kulinda vichaka na misitu iliyokuwapo tayari. Nusu ekari ya mukau haimwingizi mkulima katika malipo hayo.

Basi kabla ya kununua miche, yafaa mkulima atatue suala la umiliki, amwone afisa wa misitu, na ahifadhi kumbukumbu za upanzi. Mukau huchukua miaka kumi au zaidi kukomaa, na huenda atakayeomba kibali ni mwanawe.