Nyumba Inayotunzwa na Waliokwisha Kuihama: Wahitimu wa Sororiti za Marekani

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, kando ya majengo ya madarasa na maktaba, huonekana nyumba kubwa zenye herufi mbili au tatu za Kigiriki juu ya mlango. Hizo ni nyumba za sororiti, yaani jumuiya za wanafunzi wa kike ambazo hujichagulia wanachama, huwaingiza kwa kiapo na ibada ya siri, na kuwahesabu kuwa dada tangu siku hiyo hadi mwisho wa maisha yao. Sororiti moja huwa na matawi katika vyuo vingi, na nyumba ambamo wanachama wa tawi hulala, hula na kukutana huitwa nyumba ya tawi. Jambo ambalo mpita njia halioni ni kwamba kwa kawaida wasichana wanaoishi humo si wenye nyumba. Wanaoisimamia, na mara nyingi kuimiliki, ni wanawake waliohitimu zamani, ambao wana kazi zao, familia zao na hata wajukuu, lakini bado wanakesha na vitabu vya hesabu vya nyumba waliyoihama wakiwa vijana.

Chimbuko la jumuiya hizi ni upweke wa mwanamke msomi wa karne ya 19. Kongwe kuliko zote ilianzishwa mwaka 1851 katika chuo cha wanawake cha Wesleyan mjini Macon, jimbo la Georgia, kwa jina la Adelphean Society, na baadaye ikaitwa Alpha Delta Pi. Vyuo vya wanaume vilipoanza kufungua milango kwa wanawake wachache, wasichana hao walijikuta wakitazamwa kama wageni wasioalikwa. Bettie Locke, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokelewa katika chuo cha Indiana Asbury, ambacho leo kinaitwa DePauw, aliombwa na jumuiya ya wanaume avae beji yao bila kufanywa mwanachama kamili. Alikataa, na mwaka 1870 yeye na wenzake watatu wakaanzisha Kappa Alpha Theta. Malazi nayo yalikuwa shida, kwa kuwa vyuo vingi havikuwa na mabweni ya kutosha kwa wanawake, nao walilazimika kupanga vyumba katika nyumba za watu mjini. Ndiyo maana Alpha Phi, iliyoanzishwa mwaka 1872 katika Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, ilijijengea nyumba yake mwaka 1886, ikawa ya kwanza kufanya hivyo miongoni mwa jumuiya za wanawake zenye majina ya Kigiriki.

Kupata nyumba ni jambo moja, na kuifanya idumu ni jambo jingine, kwa sababu mwanafunzi hukaa chuoni takribani miaka minne ilhali jengo hutarajiwa kusimama kwa vizazi. Pengo hilo hujazwa na wahitimu kupitia chombo kinachoweza kuitwa shirika la nyumba, yaani kampuni ndogo isiyogawana faida, iliyosajiliwa kisheria, yenye mwenyekiti, mweka hazina na bodi ya wanachama waliohitimu wanaojitolea bila mshahara. Shirika hilo ndilo hukusanya kodi ya vyumba kutoka kwa wanafunzi, hulipa bima, humwajiri mpishi pamoja na msimamizi anayeishi humo, ambaye zamani aliitwa mama wa nyumba, na ndilo linaloamua kama fedha za mwaka zitaenda kwenye paa linalovuja, kwenye mfumo wa kupasha joto au kwenye vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto. Kazi hizo hazina shangwe, na wanaofaidi hawazioni kwa kuwa hufanywa jioni baada ya saa za kazi, lakini bila hizo mlango wenye herufi za Kigiriki ungefungwa.

Michango mikubwa hutafutwa nyumba inapohitaji kukarabatiwa, na hapo sheria ya kodi ya Marekani ina neno lake. Sororiti yenyewe huhesabiwa kuwa klabu ya wanachama, hivyo anayeichangia hapati nafuu ya kodi; kwa sababu hiyo karibu kila sororiti kubwa imeunda pia wakfu wa hisani, ambao hupokea michango yenye nafuu hiyo na kuitumia kwa ufadhili wa masomo, mafunzo ya uongozi na, pale sheria inaporuhusu, sehemu za nyumba zinazotumika kwa masomo, kama vile chumba cha kusomea. Kinachowafanya wahitimu wafungue pochi mara nyingi kiko ukutani: kila mwaka tawi hutengeneza fremu moja pana yenye picha ndogondogo za wanachama wake wote, kila moja ikiwa na jina chini yake, na fremu hizo hutundikwa mfululizo ukumbini, hata mwanamke wa miaka 70 aweza kumwonyesha binti wa miaka 19 uso wake wa ujanani.

Udugu ni kufaana, na historia ya sororiti hizi inathibitisha kwamba kilicho bora ndani yake hakikuishia kwenye matofali. Mwanachama mmoja wa Kappa Kappa Gamma huko Toronto, Kanada, Rose McGill, aliyekuwa yatima, aliugua kifua kikuu, na dada zake wa sororiti wakachanga kumtunza. Mwaka 1922 ukaanzishwa mfuko wenye jina lake, ambao hadi leo huwasaidia wanachama waliopatwa na maradhi au kuishiwa fedha. Wanachama wa Pi Beta Phi nao, walipotaka kuwaenzi waasisi wao, walifungua shule mwaka 1912 huko Gatlinburg, katika milima ya Tennessee, kwa watoto ambao hawakuwa na elimu ya kutosha, na vilabu vya wahitimu nchini kote vikasaidia kuuza vitambaa na vikapu vya wenyeji wa huko. Shule hiyo ndiyo iliyozaa chuo cha sanaa za mikono cha Arrowmont kilichopo leo.

Miongoni mwa Wamarekani Weusi udugu huo ulikwenda mbali zaidi. Alpha Kappa Alpha ilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na Delta Sigma Theta ikafuata hapohapo mwaka 1913; wiki chache tu baadaye wanachama wa Delta waliandamana katika jiji hilo kudai haki ya wanawake kupiga kura. Katika baadhi ya vyuo ambako Weusi walizuiwa kuishi mabwenini, nyumba ya sororiti ilikuwa ndiyo paa pekee la heshima. Hata hivyo uhai wa jumuiya hizi haukutegemea nyumba, bali matawi ya wahitimu yaliyoundwa mijini, ambamo mwanamke huendelea kulipa ada, kuhudhuria mikutano na kutumikia hadi uzeeni. Kati ya mwaka 1935 na 1942, Alpha Kappa Alpha ilipeleka madaktari na wauguzi wa kujitolea kuwatibu wakulima maskini wa Mississippi kila majira ya kiangazi. Delta Sigma Theta nayo ilivuka bahari, ikaichangia hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick mjini Thika, Kenya, hasa katika huduma za uzazi.

Uzuri huo hauwezi kusimuliwa bila ubaya wake. Anayelipia paa huweza kujiona ana haki ya kuamua nani alale chini yake, na kwa miongo mingi sororiti za Wazungu ziliwafungia nje wanawake Weusi, baadhi yazo kwa kanuni zilizoandikwa na nyingine kwa mazoea yaliyolindwa na wahitimu. Septemba 2013 gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, The Crimson White, lilichapisha maelezo ya wasichana waliosema kuwa wao walitaka kumpokea mwenzao Mweusi, lakini wahitimu waliingilia kati na kumkataa. Uongozi wa chuo uliagiza usajili uendelee, wanafunzi na walimu wakaandamana, na wanafunzi Weusi wakaalikwa kujiunga. Katika tukio hilo vijana walikuwa mbele ya wakubwa wao, na fedha za wakubwa ndizo zilizokuwa zikiwafunga midomo.

Mhitimu wa sororiti, kwa hiyo, ana wajibu mpana na mamlaka finyu. Ni wajibu wake kulipa ada, kukagua hesabu, kumfadhili msichana aliyekwama katikati ya masomo na kumshika mkono dada aliyeugua. Si haki yake kuwachagulia vijana marafiki wala kuwarithisha chuki za zamani zake. Wanawake wanaoendesha jumuiya za namna hii, popote walipo, wafuate mfano wa mfuko wa Rose McGill na wasikubali kurudia kosa la Alabama, maana jumuiya ya kina dada hustahili kudumu pale tu kila kizazi kinapowatumikia wanaokuja bila kuwatawala.