Kwa nini tamthilia ya kisayansi hukawia kumliza mtazamaji

Watazamaji wa ITV waliofuatilia michezo ya kundi la Kaole mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikiwamo Jahazi na Dira alimoonekana marehemu Steven Kanumba, hawakuhitaji kuelezwa dunia ya wahusika. Ndoa, wivu na ugomvi wa ndugu walivijua kutoka majumbani mwao. Majonzi yaliweza kuanza usiku wa kwanza.

Tamthilia ya kubuni sayansi haina bahati hiyo. Hadithi ikiwekwa katika kijiji cha Kaole, Bagamoyo, miaka 300 ijayo, magofu yakiwa chini ya bahari, mtazamaji hulazimika kwanza kujua watu hao wanakosa nini. Waandishi wengi hueleza yote katika sehemu ya kwanza, nayo ikageuka somo la darasani.

Mkenya Wanuri Kahiu alipita njia nyingine katika Pumzi, filamu yake fupi ya mwaka 2009 isiyozidi nusu saa. Vita vya maji vimekwisha, watu wamejifungia ndani ya mji, na jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Maelezo ni machache. Asha, mtunza makumbusho, anaonekana tu akirudisha chupani maji ya mwili wake. Laiti angeyamwaga dakika ya tatu, nani angeshtuka? Lakini anapotoroka, akapanda mche jangwani na kuumiminia akiba yake ya mwisho, bei ya kila tone imekwisha kujulikana. Kisha anajilaza kuukinga na jua.