Paka Katika Nyumba ya Saruji

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, ambako nyumba nyingi zimezungukwa na migomba na mibuni, haikuwa ada ya watu kumfundisha paka mahali pa kwendea haja, kwa kuwa maumbile yalikwisha kumfundisha, na udongo laini wa shambani, uliorutubishwa kwa majani makavu na samadi ya ng'ombe, ulimtosha. Mlango ulipofunguliwa alfajiri alitoka, akachimba, akafukia, kisha akarudi kuyalinda maharage na mahindi dhidi ya panya, kazi ambayo kwayo alipewa makazi. Mambo yaligeuka pale sakafu zilipopigwa saruji, nyua zikazungushiwa kuta, na milango ikatiwa komeo tangu magharibi mpaka asubuhi. Kwani paka aliyefungiwa ndani usiku kucha, ilhali mvua ya masika inapiga bati, hana budi kutafuta pembe, na pembe aichaguayo aghalabu ni ile yenye gunia la mkaa au tenga la nguo.

Ndivyo ilivyo Ngara mjini, Rulenge, Kabanga mpakani na Burundi, na Nyakanazi kwenye njia panda ya malori. Mwenye nyumba akiamka na kupokewa na harufu kali, humkamata paka, akamsugua pua katika mkojo, akamtupa nje. Hukumu hiyo ina ghadhabu lakini haina maarifa, maana paka hakihusishi kipigo cha asubuhi na tendo la usiku. Alijifunzalo ni kumkimbia bwana wake, na kutafuta maficho ya mbali zaidi, chini ya kitanda cha wageni kwa mfano.

Asili yake inamtetea. Yeye ni wa uzao wa paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama wa nchi kame, na kwa sababu ya ukame huo mkojo wake umekolea mno. Hamu ya kuchimba udongo tifutifu na kufukia humjia angali mdogo, afikapo wiki nne hivi. Mfugaji basi hana adabu ya kumfundisha. Ana mahali pa kumwonyesha tu.

Mahali penyewe hapahitaji gharama. Beseni kuukuu, au dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni, likitiwa mchanga mkavu wa kujengea wa kina cha vidole vitatu, latosha, mradi ukingo uwe mfupi kiasi cha mtoto wa paka kuuruka. Liwekwe mahali pa faragha, mbali na chakula chake, kwa sababu paka hapendi kula karibu na choo. Na likishawekwa lisihamishwehamishwe. Kila aamkapo na kila amalizapo kula, achukuliwe kwa upole akawekwe juu ya mchanga, na akikwaruza aachwe na shughuli yake. Pale alipokosea pasafishwe kwa sabuni na maji mengi, wala pasimwagiwe dawa yenye harufu ya amonia, ambayo kwa pua yake yafanana na mkojo na humrudisha palepale. Na ikiwa paka dume anachuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, hilo si utovu wa adabu bali ni maradhi ya hatari, na bwana mifugo atafutwe siku hiyohiyo.

Wengi huku hupenda majivu ya jikoni, yapatikanayo bure na yenye kuua harufu. Yafaa yakiwa yamepoa kabisa, yamechekechwa, na yamechanganywa kidogo tu na mchanga, kwa kuwa majivu yaliyolowa huchoma ngozi, naye paka hulamba nyayo zake. Huko Michigan, Marekani, mwaka 1947, jirani aliyechoshwa na alama nyeusi za nyayo zilizotokana na majivu alimwendea Edward Lowe, mfanyabiashara kijana, ambaye alimpa chembechembe za udongo mkavu unaofyonza maji. Ombi hilo dogo likazaa biashara ya dunia nzima. Ninyi wa Ngara mwaweza kwenda kwa seremala mkaomba unga wa mbao.

Wako waliotamani makubwa zaidi. Charles Mingus, mpiga besi mashuhuri wa jazi, alitoa mwaka 1954 kijitabu cha kumzoeza paka kukalia choo cha watu, kwa kulisogeza boksi lake taratibu hadi chooni. Nampongeza kwa subira, walakini simfuati: vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa au vya shimo, na mtoto wa paka aliyetumbukia shimoni ni msiba. Tundu la choo lifunikwe.

Shimo hilo lina kazi nyingine. Kinyesi cha paka chaweza kubeba vijidudu vya toksoplazima, vyenye kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vikitoka huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na kwa hiyo uchafu uondolewe kila siku, usisubiri kesho. Mja mzito amwachie mwingine kazi hiyo. Mchanga mchafu umwagwe chooni, kamwe usitupwe kwenye tuta la mchicha, na anayeumwaga anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa sufuria.