Kilo ya Nini? Somo la Uandishi Kutoka Nchi ya Chai

Kila mwaka vijana wetu wa Pwani hupangiwa vyuo vya mbali. Wengine huangukia Kericho na Bomet, kwenye baridi na mashamba ya chai yasiyo na mwisho. Huko kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, na chuo cha Bomet kilichoanzishwa mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Mimi nami nilisomea upande huo, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Yapo mengi niliyojifunza na nikayasahau. Moja halijanitoka, na naona linatuhusu sisi Wapwani kuliko tunavyodhani.

Mwaka wa kwanza karibu kila chuo humfundisha mwanafunzi Stadi za Mawasiliano. Wengi hulidharau somo hili. Mtu husema, kuandika si nimejua tangu darasa la tatu? Mwalimu wetu, mtoto wa wakulima wa chai, alitupa kazi iliyoonekana rahisi: eleza kwa nini bonasi ya mkulima wa hapa ni ndogo.

Kwa asiyejua, mkulima mdogo wa chai chini ya KTDA hulipwa mara mbili. Kila mwezi hupata kiasi fulani kwa kilo za majani alizopeleka kituoni. Kisha hesabu za mwaka zikifungwa, hupata malipo ya pili, na hayo ndiyo bonasi. Karo, mabati na ng'ombe husubiri bonasi. Ikiwa ndogo, nyumba nzima huinama.

Nilijiona bingwa. Nimekulia Changamwe, jirani na magodauni ya chai. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969, na hadi leo chai ya Kenya na ya nchi jirani huuzwa kwetu. Nikachukua bei ya mnadani, nikachukua alicholipwa mkulima, nikatoa. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Nikaandika kurasa nne za moto, methali juu ya methali, nikihitimisha kuwa mkulima anaibiwa mchana kweupe.

Karatasi ilirudi na maswali mawili kwa wino mwekundu. La kwanza: "Kilo ya nini?" La pili: "Unamwandikia nani?"

Swali la kwanza: utafiti

Kilo inayouzwa Mombasa ni ya chai kavu. Kilo anayolipwa mkulima ni ya majani mabichi. Huhitajika kati ya kilo 4 na 5 za majani mabichi kupata kilo 1 ya chai kavu. Mimi nilikuwa nimelinganisha nazi na tui.

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Tuseme chai imeuzwa shilingi 300 kwa kilo, na mkulima kwa mwaka mzima amelipwa shilingi 50 kwa kilo ya majani. Mwenye haraka ataona shilingi 250 zimepotea. Lakini kilo hiyo imekula kilo 4.5 za majani, hivyo mkulima amepata shilingi 225. Zimebaki 75, ambazo ndani yake mna kuni, umeme, mishahara ya kiwandani, usafiri hadi Mombasa na ada za madalali.

Je, hapo malalamiko yamekwisha? Hasha. Sasa ndipo yanapoanza kuwa na nguvu. Ukiuliza ziko wapi 250, meneja wa kiwanda atakucheka na mazungumzo yataishia hapo. Ukiuliza zile 75 zimetumikaje, na kwa nini chai ya magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida huuzwa bei ya chini kuliko ya mashariki, atalazimika kufungua vitabu.

Mwalimu alitutuma tena, safari hii si maktabani peke yake. Tulikwenda kituo cha kununulia majani kuangalia mizani na risiti. Tulisoma hesabu za mwaka za kiwanda. Tulikaa na kina mama waliochuma chai miaka thelathini. Kila tulilosikia tulitakiwa kulitafutia shahidi wa pili.

Swali la pili: msomaji

Kisha akatutaka tuandike habari ileile mara tatu: kwa bibi mchumaji, ambaye Wakipsigis humwita kogo, kwa wakurugenzi wa kiwanda, na kwa mnunuzi aliye Mombasa. Ukweli usibadilike, bali mlango wa kuingilia.

Kogo hana haja ya kuelezwa majani mawili na chipukizi, kwani vidole vyake vinajua. Anataka kujua pesa yake imekwenda wapi, kwa hesabu anayoweza kuirudia jioni mbele ya wajukuu. Mkurugenzi anataka ukurasa wa hesabu na ombi mahususi. Mnunuzi hajali karo ya mtu, anajali ubora. Kwake huanza na namna majani yanavyochumwa na kufikishwa kiwandani.

Kwa nini nawaambia haya

Kwa sababu tunaandika sana na tunajibiwa kidogo. Waraka mmoja wa malalamiko ya ardhi hupelekwa kwa chifu, kwa gavana, bungeni na kwenye magazeti, bila kubadilishwa hata nukta.

Tazameni wenzetu wa Kericho. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, na familia zao zikapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ardhi kubwa ya Wakipsigis nayo ikawa mashamba ya chai ya wageni. Watu hawa hawakuishia kulia. Walikusanya sheria zenyewe na ushahidi wa wazee. Kwa Tume ya Taifa ya Ardhi walizungumza lugha ya dhuluma za kihistoria, ambazo Katiba imeipa tume hiyo kazi ya kuzichunguza. Mwaka 2019 tume ikakubali kwamba walidhulumiwa. Kwa Umoja wa Mataifa walizungumza lugha ya haki za binadamu, na mwaka 2021 wataalamu wake wakaiandikia Uingereza kueleza wasiwasi wao. Mwaka 2022 wakafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Ardhi haijarudi, lakini hakuna anayeweza kusema hakusikia.

Na sisi? Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi ukanda wa Pwani wawasilishe madai rasmi, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi wa wazee wetu hawakuandika chochote. Matokeo yake tunaishi nayo hadi leo, tukiitwa maskwota kwenye makaburi ya babu zetu.

Basi kabla ya kuandika waraka mwingine, tujiulize. Anayesoma ni nani, na ana mamlaka gani juu ya jambo hili? Anajua nini tayari? Tunamtaka afanye nini hasa? Na kila tarakimu tuliyoiweka, imetoka wapi? Kumbukumbu zipo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa na Gazeti Rasmi la Serikali. Ofisi ikikalia taarifa, Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 zinakupa haki ya kuiomba, na ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21.

Nakala yangu ya pili ilikuwa kurasa mbili, bila methali hata moja. Tuliisoma kwa Kiswahili mbele ya wakulima pale kituoni, huku mwenzetu akitafsiri kwa Kikipsigis. Kogo mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na hizo sabini na tano, tutauliza lini?"