Kigari cha Sandukuni na Njia za Marangu

Barabara itokayo Himo kupanda Marangu Mtoni, kisha ikaendelea hadi lango la Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, imetiwa lami, na magari huipanda bila ya taabu kubwa. Walakini atakayeiacha akaingia katika vichochoro vya vihambani, baina ya migomba na mibuni, atakutana na ardhi ya namna nyingine kabisa, yenye udongo wa volkano ambao masika huteleza na kiangazi hufuka vumbi jembamba liingialo kila penye upenyo, yenye mawe yaliyochomoza na mizizi iliyotambaa, na yenye mifongo ambayo wazee wa Kichaga waliichimba kwa kupima mteremko kwa macho ili wayaongoze maji ya mlimani hadi mashambani. Katika ardhi hiyo ningependa kumwalika msomaji atazame chombo ambacho wengi hukidhania kuwa ni mchezo mtupu: kigari cha njia mbovu kiendeshwacho kwa mawimbi ya redio, ambacho mnunuzi hakipokei kikiwa kamili, bali hukiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kutoka katika sanduku la vipuri. Nadai kwamba ndani ya sanduku hilo hapana kipande kilichotiwa kwa ajili ya urembo, isipokuwa bodi na rangi yake. Kila kimoja ni jawabu la swali ambalo njia huliuliza gari, na mtu aliyekulia katika njia za Marangu ameyasikia maswali hayo tangu utotoni.

Watoto wa Uchagani, kama wenzao wa Tanzania nzima, huyajibu kwa mikono yao wenyewe. Hutafuta waya, wakaukunja kuwa fremu. Hukata kandambili zilizochakaa zikawa magurudumu. Kisha husimamisha waya mrefu wenye usukani juu yake, wakakimbia nyuma ya gari lao wakilikatisha kona. Mtoto afanyaye hivyo amekwisha kuingia katika mlango wa elimu ya stelingi, na anapolifungua sanduku la kigari cha rimoti hapati jambo geni, hupata lile lile alijualo likiwa limepelekwa mbele zaidi. Magurudumu mawili ya mbele, gari linapokata kona, hayapiti katika duara moja: la ndani hupita katika duara dogo na la nje katika duara kubwa, na kwa hiyo la ndani halina budi kupinda zaidi. Hikima ya kulitimiza hilo kwa vyuma vilivyounganishwa kwa mshazari ilibuniwa na Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaipatia hataza jijini London. Vitairodi viwili vya kigari, ambavyo urefu wake huna budi kuupima kwa rula hadi milimita, vinaitii kanuni hiyo hiyo.

Vigari hivi vya sandukuni vilipata umaarufu kutoka Japani. Kampuni ya Tamiya, yenye makao yake Shizuoka, ilitoa gari lake la kwanza la redio mwaka 1976, nalo lilikuwa mfano wa Porsche 934, gari la njia laini. Mwaka 1979 ikatoa Rough Rider na Sand Scorcher, vilivyoigiza magari ya michangani ya Marekani, na hapo ndipo kigari kilipotoka sakafuni kikaenda porini. Kwetu Afrika Mashariki, shindano baina ya gari na njia mbovu ni la zamani kuliko hayo. Mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye dunia iliyajua kwa jina la Safari Rally. Na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, aliyashinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa gari la Peugeot 404. Gari lililoshinda katika njia zile aghalabu halikuwa lenye kasi kupita yote, bali lililofika likiwa na springi zake nzima. Kigari nacho huhukumiwa kwa sheria hiyo.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba gari likipunguzwa umbo hubaki na tabia zake zote. Vigari vingi vya aina hii vimefanywa kwa kipimo cha moja kwa kumi. Urefu ukipungua mara kumi, ukubwa wa mwili, na kwa hiyo uzito, hupungua mara elfu moja: gari la kilo 1,500 hugeuka kuwa kilo moja na nusu, na kwa hakika huo ndio uzito wa takriban wa kigari. Lakini nguvu ya ekseli hutegemea eneo la mkato wake, ambalo limepungua mara mia moja tu. Kwa hiyo kigari, kwa kadiri ya uzito wake, kimekuwa imara mara kumi kuliko gari kubwa, na ndiyo sababu huruka kutoka ukingo wa mfongo, kikaanguka kwa magurudumu yake, kikaendelea na safari, ilhali gari kubwa likirushwa kwa kadiri hiyo lingevunjika uti wa mgongo. Mvuto wa dunia, kwa upande wake, haukupungua hata chembe. Kitu kiangukacho Marangu huanguka kwa mwendo ule ule, kiwe kidogo au kikubwa. Basi machoni mwa mtazamaji kigari huonekana kuruka na kutua kwa pupa, na anayetaka kulinganisha mwendo wake na wa gari kubwa hana budi kuuzidisha kwa kipeuo cha pili cha kumi, yaani kidogo zaidi ya tatu. Kilomita 27 kwa saa za kigari ni kama kilomita 85 za gari kubwa, na jiwe la ukubwa wa ngumi ni jabali la mita moja.

Hapo ndipo ionekanapo dhima ya shokapu, ambazo kwangu mimi ndizo sehemu tamu kuliko zote katika uundaji. Springi peke yake haitoshi: ikibonyezwa na jiwe huirudisha nguvu yote iliyopewa, na kigari kikabaki kikidundadunda huku matairi yakiwa hewani, na tairi lililo hewani halisukumi wala halikati kona. Shokapu huichukua nguvu hiyo na kuigeuza kuwa joto. Ndani yake mna pistoni ndogo ya plastiki yenye vitundu viwili au vitatu, na mafuta ya silikoni yanayolazimishwa kupenya humo. Mwundaji huisimamisha wima, akatia mafuta karibu na ukingo, kisha akaipandisha na kuishusha pistoni polepole sana, na mapovu ya hewa huonekana yakipanda moja moja na kupasuka juu. Huachwa ikatulia, ikarudiwa tena, mpaka pasitoke povu. Haraka haifai hapa hata kidogo, kwa kuwa hewa hubonyea na mafuta hayabonyei, na shokapu yenye povu hulegea mahali pale pale ilipotakiwa ishike. Na asubuhi ya baridi ya Julai, ambapo Marangu hufunikwa na ukungu, mafuta yale yale huwa mazito kuliko ya adhuhuri, na kigari hutambaa juu ya mawe kwa ukaidi ambao hakikuwa nao jana mchana.

Difu nayo inastahili kutazamwa kwa makini. Magurudumu ya nyuma yangefungwa katika ekseli moja isiyogawanyika, kila kona mojawapo lingeburutwa, maana la nje lina mwendo mrefu zaidi wa kwenda. Onésiphore Pecqueur, fundi wa Kifaransa, alilitatua jambo hilo kwa giya ndogo ndani ya giya kubwa, akapata hataza mwaka 1828. Ukishika kigari kilichokwisha kufungwa difu, ukazuia giya kubwa isizunguke, kisha ukalizungusha gurudumu la kulia kwenda mbele, utaliona la kushoto likirudi nyuma kwa kadiri ile ile: hilo ndilo somo zima, nalo huingia kwa vidole upesi kuliko kwa maneno. Ila rehema ya difu ina gharama yake. Gurudumu moja likiingia matopeni likakosa mshiko, nguvu yote ya maana hukimbilia huko likazunguka bure, na lile lililo penye ardhi ngumu likasimama. Dereva yeyote aliyekwama masika katika njia za vihambani anaijua taabu hiyo. Dawa ya kigari ni grisi nzito ndani ya difu, ili giya zile ndogo zisiteleze kwa urahisi kupita kiasi.

Mota ya umeme ya kigari huzunguka yapata mara 15,000 kwa dakika. Giya zikiupunguza mzunguko huo mara tisa, na duara la tairi likiwa na mzingo wa sentimita 27, hesabu hutoa zile kilomita 27 kwa saa nilizozitaja. Kwa kupanda kuelekea lango la hifadhi, palipo na kimo cha zaidi ya mita 1,800, afadhali kufunga pinioni, ile giya ndogo ya mota, yenye meno machache zaidi, ili mwendo upungue na nguvu iongezeke. Injini ya petroli isiyosaidiwa na taabo hudhoofika huko juu, kwani hewa imepungua karibu sehemu moja ya sita; mota ya umeme haichomi hewa, basi haidhoofiki, ingawa hupoa kwa shida kidogo zaidi. Unapoifunga, tia kipande cha karatasi nyembamba baina ya pinioni na giya kubwa, uzibane, kisha uitoe karatasi: nafasi iliyobaki ndiyo inayofaa.

Amri hukifikia kigari kwa redio, na asili yake ni ile mashua ndogo ambayo Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mwaka 1898 akiiongoza bila ya waya. Rimoti za zamani zilitumia masafa ya megahezi 27, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 11. Za leo hutumia gigahezi 2.4, wimbi lake likiwa na sentimita 12 na nusu tu, na nyingi hurukaruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara nyingi kwa sekunde ili zisigongane na za jirani. Wimbi fupi hivyo lina adui mmoja, naye ni maji. Na mgomba, shina lake na majani yake, ni maji yaliyosimama. Kwa hiyo uwanjani kigari husikia amri kutoka mbali sana, lakini kikipita nyuma ya kihamba kilichoshonana migomba huweza kuwa kiziwi upesi. Mwenye hekima hukiwekea mpangilio wa kusimama chenyewe amri zikatikapo.

Jambo jingine ni vumbi. Chukua sumaku, uiburute katika udongo mkavu wa kichochoro, nayo itaota ndevu nyeusi za chembe za madini ya chuma yaliyotoka volkanoni. Mota ina sumaku ndani yake, na chembe hizo huvutwa humo, zikasugua. Basi baada ya kila mwendo wa kiangazi ni wajibu kupuliza mota na kufuta beringi.

Na wakati wa kuteremka kurudi Mtoni, mota hubadili kazi: magurudumu huizungusha yenyewe, nayo ikazalisha umeme, na kidhibiti mwendo kinapoziunganisha waya zake umeme huo hupinga mzunguko, kigari kikashikwa kama kwa breki. Anayetaka kulithibitisha na aichomoe mota, aizungushe pinioni kwa vidole waya zikiwa mbalimbali, kisha azigusanishe waya mbili hizo na kuizungusha tena. Atahisi vidoleni jinsi inavyokataa, na mtoto aliyesimama karibu ataiomba aijaribu mwenyewe.