Uchungu wa majani hauui mikrobe ya kolera

Bandugu, kila mara kolera inapotokea kwetu Kalemie, kule kando ya ziwa, hakukosi mtu wa kusema: "Mupatie majani machungu, mikrobe itakufa." Juzi nimesikia hata mwenzetu mwenye licence anasema vile. Basi tuongee kidogo habari ya nyongo, maana ndani ya mwili hakuna kitu kichungu kuipita.

Ini linatengeneza nyongo, karibu nusu lita mpaka lita 1 kwa siku. Ukila mikebuka kwa mafuta ya mawese, mfuko wa nyongo unajikamua na nyongo inashuka kwenye utumbo mwembamba. Ndani yake mna chumvi za nyongo, na kazi yao ni kama ya sabuni: zinavunja mafuta vipande vidogo. Lakini ngozi ya kila seli yetu nayo ni mafuta kwa sehemu kubwa. Sasa mbona sabuni ile haitutoboi matumbo?

Jibu moja ni ute. Ukuta wa matumbo una seli zenye umbo la kikombe zinazotoa ute mzito wa kuufunika, kama ule utelezi wa kambale. Katika majaribio kwenye utumbo mkubwa wa sungura, chumvi za nyongo zilipoongezwa, ute ulitoka mwingi. Zilipozidi, ukuta wenyewe uliumia. Ngao iko, ila ina mpaka.

Bakteria wengi nyongo inawashinda. Mikrobe ya kolera, hapana. Kwenye labo, chakula cha kuioteshea (ile TCBS) kinatiwa nyongo ya ng'ombe makusudi, ili bakteria wengine washindwe na yenyewe iote. Tena ikisikia chumvi za nyongo inajua imefika: inaanza kutengeneza silaha. Ina mkia wa kuogelea, ina kimeng'enya cha kukatakata ute. Ikishika ukuta inatoa sumu, seli zinamwaga chumvi na maji, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Vile vipande vyeupe ndani ya "maji ya mchele" ni ute wetu pamoja na seli. Kuna wanaofurahi wakiviona, eti uchafu unatoka. Ni ngao ndiyo inatoka!

Uchungu wa majani si sawa na wa nyongo, nakubali. Ila mwenye kuishi ndani ya nyongo utamtisha na uchungu gani? Na majani yakimtapisha mgonjwa, anapoteza maji mengine.

Kinachosaidia ni serumu ya kunywa. Kuna mlango kwenye ukuta wa utumbo ambao sukari na chumvi hupitia pamoja, maji yakifuata nyuma, na sumu ya kolera haiufungi. Kama pakiti haiko: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mumunyweshe kidogo kidogo mukiwa njiani kwenda kituo cha kolera, hata kama ni usiku.