Rambirambi Si Fidia

Ajali mbaya ikitokea, habari yake huwa na umbo lile lile. Kamanda wa polisi wa mkoa anathibitisha, idadi ya waliokufa inatajwa, chanzo kinaelezwa kuwa ni mwendo wa kasi au dereva kutaka kulipita gari la mbele yake, na majeruhi wanasemekana kuendelea na matibabu. Siku ya pili magazeti yanageuza ukurasa. Juma hili, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya yale yanayofuata ndani ya nyumba ambamo turubai la msiba limekwisha kukunjwa na wageni wamepanda magari kurudi makwao.

Mkoa wetu wa Simiyu unao mfano ambao hautasahaulika upesi. Januari 11, 2022, wilayani Busega, gari lililowachukua waandishi wa habari katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza uliokuwa ukielekea Ukerewe liligongana na Hiace ya abiria. Watu 14 walipoteza maisha, wakiwamo wenzetu wa kalamu na kipaza sauti. Sina nia ya kufufua swali la nani alikosea. Naitaja ajali ile kwa sababu inaonyesha jinsi tukio moja linavyoweza kuzaa wadai wa namna mbalimbali: huyu alikuwa abiria aliyelipa nauli, yule alikuwa kazini. Wote wamekufa barabara moja na saa moja, lakini jamaa zao hawaingii mlango mmoja wanapotafuta haki.

Kwanza tutenganishe fedha za aina tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Dereva akishitakiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 na kutozwa faini, faini hiyo ni ya Serikali. Mjane haoni hata senti. Mwenye gari akileta jeneza, gunia la mchele na bahasha, hiyo ni rambirambi. Ni utu, nasi tunaushukuru. Fidia ni kitu cha tatu kabisa: ni deni analodaiwa aliyesababisha kifo kwa uzembe, na wanaomdai ni wale waliokuwa wakila kwa jasho la marehemu.

Mama mmoja wa hapa Bariadi, ambaye mumewe aligongwa na lori akiwa juu ya baiskeli, aliniletea karatasi nimsomee. Nikamwuliza, "Mayu, hii uliisaini lini?" Akanijibu, "Siku ya tatu ya msiba, kaka. Waliniambia ni ya kupokea sanda na sukari." Karatasi ilisema kwamba familia imepokea shilingi laki tano na haitakuwa na madai mengine yoyote dhidi ya mwenye gari wala bima yake. Laki tano, na watoto wanne. Karatasi ya namna hiyo inaweza kupingwa mahakamani, lakini mwenye kuipinga anaanza safari akiwa na mzigo kichwani. Kwa hiyo nawaomba akina baba wadogo na mashemeji wanaosimamia msiba: pokeeni rambirambi, andikeni katika daftari kama mnavyoandika michango mingine, lakini mfiwa asitie sahihi wala dole gumba kwenye maneno ambayo hajasomewa na mtu asiye wa upande wa mwenye gari.

Sheria yenyewe inasemaje? Zipo mbili za kukumbuka. Ya kwanza ni ile ya madai yatokanayo na ajali za vifo, Sura ya 310. Hii inampa mke, mume, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai kile walichopoteza kwa kifo chake. Ya pili ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inayomlazimisha kila mwenye chombo cha moto barabarani, bodaboda ikiwamo, kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine. Hii ndiyo bima ndogo ambayo wengi huikata kwa kumwogopa trafiki. Kumbe haikuwekwa kwa ajili ya trafiki. Imewekwa kwa ajili ya yule mama na watoto wake wanne.

Bima hiyo ina mipaka, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Inamkinga mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, na abiria wa gari la kulipia. Haimlazimishi mwenye gari kumkinga mtu aliyepewa lifti. Fikirini malori ya pamba wakati wa msimu, yakitoka Meatu na Itilima kwenda viwandani, na watu wamelala juu ya marobota. Wakianguka, dereva na mwenye gari bado wanaweza kudaiwa, lakini kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na mwenye lori moja lenye mkopo wa benki hana cha kutoa. Utingo naye, kwa kuwa ni mwajiriwa wa mwenye gari, mlango wake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri anapaswa kuuchangia. Mfuko huo hulipa pensheni kwa wategemezi wa mtu aliyefia kazini. Mwandishi wa habari aliyeajiriwa anahusika pia. Mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja bila mkataba, nao ni wengi katika mikoa yetu, jamaa zake watakuwa na kazi ya kuthibitisha kwanza kwamba aliajiriwa.

Mahakama haikadirii thamani ya roho ya mtu. Inakokotoa. Chukueni mfano wa fundi cherehani aliyekuwa akiipa familia yake shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,800,000. Mahakama ikiona kwamba angeendelea kuwatunza kwa miaka 12, hesabu inafika 21,600,000. Naye marehemu akionekana alichangia uzembe, pengine aliendesha usiku bila taa, kiasi hicho hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Swali gumu ni kuithibitisha ile 150,000, maana fundi hana hati ya mshahara. Stakabadhi za mauzo ya pamba kutoka chama cha msingi, taarifa ya miamala ya simu, daftari la duka, ushahidi wa mwenye nyumba na wa mwalimu aliyepokea michango ya shule, vyote hivyo hufaa. Visichomwe pamoja na takataka za msiba.

Polisi ombeni ripoti ya ajali, ramani ya eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari, na mwandike namba ya gari pamoja na jina la kampuni ya bima. Kesi ya jinai ikimalizika kwa dereva kutiwa hatiani, chukueni nakala ya hukumu, kwani ni ushahidi mzito katika madai. Kampuni ya bima iandikieni mapema, kabla hata kesi haijafunguliwa. Ikikaa kimya au ikitoa kiasi cha kuchekesha, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Gari likiwa la Serikali, lazima notisi ya siku 90 itangulie. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara, lakini mashahidi huhama na ripoti hupotea mapema zaidi ya hapo.

Anayedai kwa niaba ya wategemezi ni msimamizi wa mirathi. Ukoo hukaa kikao, muhtasari huandikwa, cheti cha kifo huambatishwa, na Mahakama ya Mwanzo humteua. Hapa Usukumani aghalabu huchaguliwa kaka wa marehemu. Si vibaya. Lakini fedha ya fidia ya wategemezi si ng'ombe wa zizi la ukoo. Haigawiwi kwa shangazi na binamu kama mali nyingine alizoacha marehemu. Ni ya wale waliomtegemea, na mahakama ndiyo inayopanga nani apate kiasi gani. Msimamizi anayeipeleka kwenye mahari ya kijana wake anaweza kushitakiwa, na mjane anaweza kwenda mahakama ile ile iliyomteua, akaomba aondolewe. Akiwa hana uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao humsaidia bila malipo.